Masuku ya Karyeri

Odette alisema tutaenda kutembea siku ya Alhamisi, mimi na yeye tu, na mjukuu wangu Gabriella atabaki kwa jirani yetu Benedicte. Alisema karatasi za ruhusa ya kutoka kambini ameshazipata, zote mbili, zina muhuri. Njo nikajua kwamba si kutembea. Mtu hatafuti muhuri kwa ajili ya kutembea na mama mkwe wake.

Odette ni mke wa mtoto wangu Valentin. Valentin alikufa miaka tisa iliyopita, kule kwetu Kongo, katika milima ya Fizi, ndani ya shimo la dhahabu. Mahali kama pale tunapaita karyeri. Udongo ulishuka asubuhi, watu saba wakiwa chini, na mwenye shimo akasema kuwachimbua kutaangusha na upande uliobaki. Wakabaki. Mwezi uliofuata vita vikatufukuza. Tukavuka ziwa, tukapita Tanzania, tukafika hapa Malawi, kambi ya Dzaleka, Gabriella akiwa mgongoni, hajaota hata jino.

Kwetu kilio kinatolewa hivi, ili msiba uishe. Mama ya marehemu anachukua udongo kwa mkono wa kushoto, anautupa kaburini, anasema, "Nimekuachilia." Ni yeye tu anayeweza. Akishasema, mjane ananyolewa, anaoga, na kuanzia hapo anaweza kuolewa. Mimi sikuwa na kaburi la kutupia. Nilisema hivyo kwa wazee wa kanisa, nikasema kwa pasta, nikasema kwa Kayumba mwenyewe, yule anayetaka kumuoa Odette, alipokuja na chupa mbili za Fanta na sukari ndani ya mfuko wa bluu. Kayumba ni Mnyarwanda, anauza vitambaa sokoni Area 25 kule Lilongwe, si mtu mubaya. Anaongea polepole kama anapima kitambaa. Aliniuliza kama hakuna njia ingine. Nikamwambia mi sijui.

Kitu nilichokijua sikumwambia. Kilio kikiwa hakijatoka, Odette ni mke wa Valentin, mtoto ni wa nyumba hii, na asubuhi kuna mtu wa kuniuliza nimeamka namna gani. Siku moja tukichambua maharage Benedicte alinitania, akasema, "We mama, umefunga mulango na ufunguo umeumeza." Nilicheka naye. Nikaendelea kutoa mawe kwenye maharage.

Basi siku ya Alhamisi tulipanda kabaza, baiskeli za kubeba abiria, mpaka barabarani, kila mtu na yake. Tukachukua minibasi mpaka Lilongwe, na ingine mpaka Mitundu. Odette alikuwa amevaa viatu vya kanisani. Pale Mitundu tulikaa kwenye ubao wa mwanamke anayeuza viazi vya kukaanga, tukala na chumvi na kabichi, na pale njo aliniambia.

"Mama, batu ba kwaya walifika kule mwaka jana," akasema. "Iko karyeri ya zamani. Walitoa mawe miaka mingi, sasa watu wanaenda kuangalia tu. Karyeri ni karyeri."

Nikamuuliza kama ilikuwa ya dhahabu. Akasema hapana, mawe ya kujengea, lakini shimo ni shimo. Akafungua mkoba wake, akanionyesha kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na udongo wa mlangoni kwetu, aliuchota alfajiri nikiwa ninaomba. Akasema pasta anataka kutangaza ndoa Jumapili hii. Kayumba amengoja miaka mitatu, na dada yake ameshaanza kumtafutia mtu mwingine. Alisema yote hayo akiangalia viazi.

Sikukasirika. Tangu siku ile udongo uliposhuka sijui kukasirika vizuri. Nilikunja karatasi ya viazi mara nne, nikaitia mfukoni kwa sababu hapakuwa na mahali pa kutupa.

Kutoka pale kabaza zingine zilituacha kwenye geti la mianzi. Mwanamke mmoja alitoka chini ya paa la nyasi, mwenye umri kama wangu au pungufu kidogo, mikono minene, kidole kimoja cha kushoto hakina kucha. Alipiga magoti kidogo kunisalimia, akaniita agogo, njo heshima yao kwa wazee. Jina lake Nabanda. Alitueleza kwa Kichewa, na mahali niliposhindwa Odette alinitafsiria. Alivunja mawe pale kwa nyundo miaka kumi na moja, hata watoto wake wawili aliwazaa katika kazi ile. Kisha mashine zikaondoka na mahali pakabaki mfupa. Kisha watu wakaja na miche, na yeye akaajiriwa kupanda. Sasa njo anatembeza wageni.

Kwanza alituonyesha jiwe linalosimama peke yake, refu kama nyumba mbili, ambalo mashine zilishindwa nalo. Wageni hupiga picha pale. Lina mstari mweupe katikati kama kovu la upasuaji. Odette hakupiga picha. Kisha akatupeleka kwenye ukuta wa mwamba uliokatwa, na mbayuwayu wamejenga viota vya matope sehemu ya juu, nilihesabu ishirini na sita nikaacha. Kisha bwawa. Maji yalikuwa ya kijani, matete yamelizunguka, ndege mmoja wa bluu amekaa juu ya bomba lenye kutu. Nabanda alisema ndani mna samaki ambao hakuna mtu aliyewaleta. Mimi niliangalia yote hayo. Yalikuwa mazuri, niliona kwamba ni mazuri, kama unavyoona kwamba chakula cha jirani kimeiva.

Odette aliuliza mara mbili shimo liko wapi. Nabanda akasema, tunaenda huko.

Tukashuka ngazi za magogo, ndefu, nikishika mkono wa Odette. Chini mlikuwa na miti mingi, imeshikana, kivuli kizito, majani makavu yanafika kwenye vifundo vya miguu. Njo hapo nilisimama. Niko Malawi mwaka wa tisa sasa, na kitu kimoja nimejifunza: hapa watu wamekata miti karibu yote, isipokuwa ya makaburi. Ukiona miti minene imebaki peke yake katikati ya mashamba, ni manda, watu wamelala pale. Huokoti kuni, huchumi kitu, hupigi kelele. Nilivua viatu. Odette aliponiona naye akavua vyake vya kanisani. Tukasimama miguu mitupu, tumenyamaza, na mi nikafikiri, kumbe batu ba kwaya walifika mahali penyewe, kaburi liko.

Nabanda alikuwa mbele. Aliinama chini ya mti mmoja, akaokota matunda, akarudi nayo kwenye kiganja. Yalikuwa masuku, ya kahawia, yameiva mpaka yanapasuka. Akanipa. Nikarudisha mkono nyuma. Nikamwambia kwa Kichewa changu cha sokoni, zikomo, yaani asante, lakini sili kitu cha manda.

Alituangalia. Akaangalia miguu yetu. Kisha akacheka mpaka akashika kiuno. "Hawa Wakongo wananizikia watu kwenye miti yangu," akasema, na Odette akanitafsiria bila kucheka.

Akatueleza kwamba pale hapajawahi kuwa makaburi. Kila mti aliubeba yeye na wenzake, ukiwa ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, wakashuka nao kichwani. Huu wa masuku ulikataa miaka mingi, sasa unazaa kila mvua zikikaribia.

Nikamuuliza, "Na shimo?"

"Agogo, shimo si hili? Tuko ndani yake."

Niliangalia juu. Ni kweli. Ule ukuta wa mbayuwayu ulikuwa huku na huku, mbali, nyuma ya majani, umetuzunguka pande zote, na ngazi tulizoshuka zilikuwa upande mmoja tu. Nilikuwa nimesimama chini ya karyeri, mahali watu wanaposimama wakifanya kazi. Nikangoja moyo ufanye kitu. Haukufanya. Nilisikia jani moja linashuka.

Nikamuuliza kama kuna mtu aliyefia hapa. Akasema yuko mmoja, mtoto wa dada yake, jiwe lilimwangukia. Walimtoa, wakamzika kwao Mtandire. Nikamuuliza aliwezaje kurudi kazini. Akasema alirudi Jumatatu. Nilijua Jumatatu ile inavyokuwa.

Odette alikuwa ameshafungua kitambaa. Udongo ulikuwa unamwagika kwenye majani. "Mama," akasema, "sasa tufanye namna gani? Hakuna pa kutupia."

Nilichukua kitambaa. Mtu anatupa udongo akiwa juu, kwa aliye chini. Sisi tulikuwa chini. Kumtupia nani? Niliinama, magoti yakalia, nikaumwaga chini ya ule mti wa masuku taratibu, kama unavyomwaga unga kwenye chombo cha mtu. Kwa mkono wa kulia, sikukumbuka wa kushoto. Sikusema neno la mila. Nilichukua tunda moja kwenye kiganja cha Nabanda, nikalibonyeza, nikalinyonya. Lilikuwa tamu, mbegu nne.

Nilipomaliza mbegu ya mwisho nikasema, "Odette, ambia pasta atangaze."

Hakuelewa mara moja. Akaniuliza nimesema nini. Nikarudia. Akauliza, na kilio je, na kunyolewa je, na wazee watasema nini kama hakuna kaburi. Nikamwambia wazee waje kwangu. Nikamwambia nitamnyoa mimi mwenyewe Jumamosi, wembe upo. Na Gabriella aende naye kwa Kayumba, mtoto anakaa na mama yake, ila shule ikifungwa atalala kwangu.

Odette alikaa chini kwenye majani na nguo yake nzuri, akalia kwa sauti. Nabanda alisogea mbali kidogo, akageukia miti. Mimi nilibaki nimesimama. Nilijua kwamba machozi yangefaa, nikayangoja kwa uvumilivu, kama nilivyongoja vingine. Hayakuja.

Baadaye Odette alinishika kifundo cha mguu. "Na weye, Mama?" akasema. "Unasikia aje?"

"Miguu inaniuma," nikamwambia. "Nipe viatu."