Mwaa wa Kuanzia

Dalila aliketi ukingoni mwa kitanda changu cha kamba, simu kaishika kwa mikono miwili. Mjukuu wangu huyu anafundisha hisabati hapa Olumbi. Alipotoka kwenye mafunzo ya walimu aliandika makala juu ya kufundisha kuzidisha kwa ukili, ule utepe unaosukwa na kuunganishwa kuwa mkeka, na revista, jarida la walimu, ikaikubali. Jina lake halijawahi kuchapwa popote.

"Bibi, wameirudisha. Nimeandika ukili una miyaa kumi na miwili, kwenye picha wamehesabu kumi na mitatu. Nirekebishe kabla ya saa kumi leo, la sivyo wanaiondoa."

Hesabu ile ya miyaa, vile vipande vya ukindu vya kusukia, aliichukua kwangu. "Ni kumi na miwili," nikasema. "Mwaa wa kuanzia hauhesabiwi."

"Najua. Tangu mdogo najua, ndiyo maana hata sikuutazama."

Mama yangu alisema ukiuhesabu ule, mkeka haumaliziki kusukwa. Nami nikamfundisha Dalila hivyo hivyo, tena kwa kofi.

"Basi andika kumi na mitatu, mke mwenzangu," nikamwambia.

"Darasa la nne wanaishia mara kumi na mbili, Bibi. Kumi na tatu haimo. Makala yote inakufa."

Akaanza kung'oa uzi kwenye upindo wa kanga. Nikaona nimemponza mimi.

Nikachambua ukindu mwembamba, nikaulowesha, nikaanza ukili mpya. Wa kumi na miwili kamili ungekwenda upande, maana ukili hutaka miyaa isiyogawanyika kwa mbili, kwa hiyo nikapunguza hadi kumi na mmoja. Safari hii niliuhesabu na ule wa kuanzia. Nikaweka kidole juu yake.

"Mmoja," nikasema kwa sauti, Dalila akanitazama.

Vidole vyangu vina baridi yabisi. Shubiri moja ilinichukua saa nzima. Yeye, simu magotini, akabadilisha majedwali yote sita ya makala: kumi na moja, ishirini na mbili, thelathini na tatu. Saa tisa na nusu akapiga picha.

Rede ya simu ikakatika.

Akatoka mbio hadi barabarani, simu juu ya kichwa. Nikamfuata na fimbo yangu. Nilipomfikia alikuwa amesimama juu ya rundo la kokoto, midomo imemkauka.

"Imekwenda?"

"Imekwenda saa kumi na robo."

Jibu liliingia tukiwa palepale. Akanisomea taratibu, kama anavyowasomea watoto wa darasa lake: wanashukuru, toleo limeshafungwa, na mwakani hakutakuwa na jingine.

"Waambie kosa ni la bibi yako," nikasema.

"Wamefunga, Bibi. Nimwambie nani?"