Zamu ya Vitambaa

Fundi cherehani alikuwa mgeni mtaani, na ugeni wake ulikuwa wa kujitakia. Tangu alipomzika mume na kuhamia kwa binti yake, alishona chumbani kutwa nzima, pazia limeshushwa. Mtaa ulimtisha, na kuta zake ndefu, na mageti ya chuma, na watu wanaosalimiana kwa honi. Juzi juzi kijana mmoja alionekana akiruka ukuta, akapigwa nusura afe. Kumbe ni kwa shangazi yake, alikuwa amesahau ufunguo tu.

Aliyemsukuma nje ni binti yake.

"Mama, utaota kutu humu ndani. Kina mama wa mtaa wanatafuta mtu wa zamu ya vitambaa. Nimeshakutaja."

"Umenitaja bila kuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

Angekataa, kweli kabisa.

Zamu yenyewe haikuwa ngumu. Wazee wanaoishi peke yao walifunga kitambaa getini kila asubuhi wakiamka, wakakitoa jua likizama. Mwenye zamu alipita mapema. Akikiona kitambaa, anajua mzee kaamka salama, anaendelea na safari yake. Asipokiona, anabisha hodi, na asipojibiwa anamwita mtu wa pili. Kuingia nyumba ya mtu peke yako, katika mtaa ule, ni kujitafutia balaa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mwalimu mstaafu, mama mmoja mwembamba mwenye ulimi mkali.

"Shikamoo, Mwalimu," fundi alisema siku ya kwanza.

"Marahaba. Wewe ndiye mpelelezi mpya? Sasa sikiliza. Usije ukanivunjia mlango kwa sababu tu nimechelewa kuamka. Nimeamshwa na kengele ya shule maisha yangu yote. Nina haki ya kulala!"

Fundi alirudi nyumbani ameapa kutokwenda tena. Lakini kesho yake alikuta kigoda nje ya geti la Mwalimu, pale kwenye kivuli. Hakuna aliyesema ni cha nani. Fundi, ambaye goti lake moja lilikuwa bovu, alikaa, akapumzika, akaendelea.

Asubuhi ambayo mambo yaliharibika, kitambaa cha Mwalimu kilikuwepo, cha bluu, fundo limelegea kidogo. Fundi alikikaza vizuri, akafuta vidole kwenye gauni, akarudi zake. Alijimiminia chai. Akakaa kwenye cherehani, akachukua uzi.

Kwa nini alifuta vidole?

Mkono ukasimama hewani. Vitambaa vingine alivyopita karibu navyo vilikuwa vikavu, vinapepea. Hiki kilikuwa kimelowa. Mvua haikunyesha. Kilichokilowesha ni umande, na umande hudondoka usiku. Kitambaa kile hakikufungwa asubuhi hii. Kilikuwa cha jana, na hakuna aliyekitoa.

Labda amekifua, alijiambia. Labda kakisahau, na sasa hivi yumo ndani amelala, na nikienda kumgongea atanitolea maneno mtaa mzima usikie. Halafu likaja wazo lililomtisha kuliko yote, kwamba akikaa kimya hapo kwenye kiti chake, hakuna atakayemlaumu. Kitambaa kilikuwepo. Kila mtu angesema kilikuwepo.

Aliinuka kwa haraka, chai ikamwagika. Hakuigeukia.

Getini alibisha hodi. Akabisha tena, kwa kiganja, chuma kikalia. Kimya. Akaweka sikio kwenye upenyo: ndani kulikuwa na maji yanatiririka, taratibu, kama bomba ambalo hakuna mtu wa kulifunga.

Goti bovu halikumzuia kukimbia. Alimkuta Cheche, mchomelea vyuma wa njia panda, jitu la mtu ambalo alikuwa hajawahi kulisemesha kwa kuogopa ukubwa wake.

"Baba, nisaidie. Kwa Mwalimu hakujibiwi."

"Si nimepita sasa hivi nikaona kitambaa, mama?"

"Ni cha jana. Kina umande. Nilikishika kwa mkono wangu nikapita. Nilipita, baba!"

Cheche hakumlaumu. Alivua miwani ya kazi.

"Una hakika?"

"Sina."

"Basi twende hivyo hivyo bila hakika."

Walipofika kwa Mwalimu, Cheche alianza kukata komeo la geti kwa msumeno. Kelele zile zilimfanya fundi atamani ardhi immeze. Dirisha la ghorofani, nyumba ya pili, likafunguka, mwanamke akapiga ukelele.

"Wezi! Jamani, wezi kwa Mwalimu!"

Mageti yakaanza kulia huku na kule. Fundi alimkumbuka yule kijana wa ukutani. Alitaka kukimbia. Akajikuta badala yake anapaza sauti, yeye ambaye hakuwahi kupaza sauti mtaani.

"Si wezi! Ni mimi, mama wa zamu! Mwalimu haamki!"

Komeo likakatika.

Maji yalikuwa yamefika kizingitini. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na Mwalimu alikuwa chini, ubavu mmoja ndani ya maji, birika limeanguka pembeni. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Fundi alipiga magoti ndani ya maji. Hakujua amguse wapi. Alimgusa shavu, lilikuwa baridi mno, akafumba macho kwa hofu.

"Mmechelewa," ilisema sauti nyembamba.

"Nimechelewa, Mwalimu. Mimi. Nisamehe."

"Toka jana magharibi... nimeita mpaka sauti... Usininyanyue. Mguu."

Kuna mtu alifunga bomba. Kuna mtu alileta blanketi, akamfunika Mwalimu na kumkunjia pindo chini ya miguu kwa upole. Fundi alipoinua macho, aliona ni yule mwanamke wa dirishani. Ni yeye pia aliyeleta gari.

Hospitalini walikaa kwenye benchi la korido, wote watatu, nguo zimelowa. Kila mlango ulipofunguliwa, fundi alishtuka. Daktari alitoka baada ya muda mrefu.

"Nyonga imevunjika, na baridi ilimwingia sana. Mngemwacha mpaka mchana tungekuwa tunazungumza mengine. Sasa tutamtibu. Bado siwezi kuwaahidi, lakini anagombana na wauguzi."

"Anagombana?" Cheche akauliza. "Basi huyo ni mzima."

Mwanamke wa dirishani alicheka, kisha akalia. Fundi hakuweza hata kimoja. Hofu iliyokuwa imejizuia njia nzima ilimshukia sasa, ikamtikisa mabega, meno yakagongana. Aliona aibu. Akaificha mikono kwapani.

Cheche alivua koti lake la kazi, lenye matundu ya moto, akamfunika.

"Tetemeka tu, mama."

"Wewe hukutetemeka."

"Mimi? Pale getini msumeno ulinitoka mkononi mara mbili. Waliposema wezi, nilitaka kukuacha nikimbie. Hukuona tu, ulikuwa unapiga kelele."

Mwanamke wa dirishani alisogea karibu upande wa pili, akamshika fundi mkono. Mkono wake nao ulikuwa unatetemeka. Walikaa hivyo, wakiangalia mlango.