Moyo Usiolia

Kasuku ni fundi viatu, jirani yangu wa kazi. Tunagawana kibaraza kimoja, na jina hilo nimempa mimi, maana mdomo wake haujui likizo. Mimi ni fundi cherehani, na nikishona sitaki maneno. Basi tumeishi vizuri tu: yeye anaongea, mimi nakanyaga cherehani.

Ninayemjibu ni mtu mmoja, binti yangu anayefanya kazi mbali. Hupiga simu kila jioni.

"Baba, mzima?"

"Mzima kama chuma."

"Nije nikuone?"

"Uje kufanya nini? Una kazi zako."

Simu ikikatika, chumba kinakuwa kikubwa kupita kiasi. Tangu mama yake afariki nakichukia chumba kile, lakini nitamwambiaje? Ana maisha yake. Sitaki awe yaya wangu.

Ugonjwa wa sukari ninao tangu mama yake yupo. Yeye ndiye aliyekuwa akinilinda. Akiniona natoka jasho hovyo husema, "Kaa chini wewe, sukari imeshuka," ananikorogea chai tamu, na baada ya muda narudi kuwa mtu. Alipoondoka nikabaki na somo hilo moja: ukitoka jasho, kunywa chai tamu. Kile kipimo cha sukari cha kutoboa kidole nilikitupia kabatini. Nilijiona nimeshafuzu.

Siku hiyo nilikuwa natia kola kwenye shati jeupe nikaona doa jekundu. Sindano ilikuwa imenitoboa kidole, nami sina habari. Vidole vyangu vimekufa ganzi siku nyingi. Nililolikasirikia ni doa.

Muda si mrefu likaja jasho la baridi, nguo zikaniganda mgongoni, na kichefuchefu juu yake. Nikamimina sukari kwenye chai bila huruma, nikanywa. Sikupata nafuu. Nikanywa kikombe kingine.

"Mzee, mbona umeloa hivyo?" Kasuku akauliza.

"Sukari imeshuka. Shona viatu vyako."

"Na kuhema huko je? Umekimbia wapi?"

"Nimekwambia ni sukari!"

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Kasuku alinyamaza. Aliniangalia usoni kwa muda, nyundo mkononi. Kisha akaiweka chini, akasimamisha gari la kwanza lililopita, akanipakia kama gunia huku namtukana.

Hospitalini walinipima sukari. Ilikuwa juu sana, na mimi nilikuwa nimezidi kuipandisha kwa chai yangu. Daktari, binti wa rika la binti yangu, akatazama karatasi ya kipimo cha moyo.

"Mzee, mshipa wa moyo umeziba. Hili ni shambulio la moyo. Kifua hakikuuma?"

"Hata kidogo. Mnanionea tu."

Akakitazama kidole changu chenye damu iliyokauka. "Na hiki kiliuma?"

Nikakificha kidole kiganjani.

"Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa inayoulisha moyo. Mafuta yananata ndani mpaka njia inaziba," akasema. "Halafu sukari hiyo hiyo inaua mishipa ya fahamu. Kidole chako kimeumia hukusikia. Na moyo wako ni hivyo hivyo."

Walinizibua mshipa siku ile ile. Alipopita tena kunitazama aliuliza, "Nyumbani nani anakuangalia?"

"Najiangalia mwenyewe."

"Kwa macho gani, mzee?"

Aliondoka bila kungoja jibu. Niliogopa kweli. Siku zote nilidhani ugonjwa mkubwa utabisha hodi, nipate nafasi ya kumwita mtu. Kumbe ulikuwa umeshaingia na kuketi, nami nautengenezea chai. Kama ungenikuta kule chumbani, ningekunywa vikombe vyangu nikalala, na kesho yake Kasuku angeongea peke yake kibarazani.

Jioni simu ikaita. Kasuku alikuwa ameniwekea kando ya mto kabla hajaenda kufunga kazi. Wodini kila kitanda kilikuwa na mtu wake wa kukaa naye, isipokuwa changu.

"Baba, mzima?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile lile la kila siku. Likakataa kutoka.

"Baba? Upo?"

"Nipo. Mzima au si mzima, sijui, mwanangu," nikasema. "Mwenyewe sijui tena. Njoo uniangalie."