Kisanduku Kinachomstahili Binti

Hivi wewe, umewahi kuombwa masikio na mtu asiyekuazima yake hata siku moja?

Mke wa fundi redio aliombwa siku nne mfululizo. Mumewe alikuwa amestaafu, sikio la kushoto limeshazima. Dukani walimwazima visanduku viwili vya kugeuza tarakimu za kompyuta ziwe sauti ya kwenda kwenye spika, kimoja cheusi, kimoja cha rangi ya fedha, naye achague kabla ya saa kumi jioni ya siku ya nne. Akaweka kiti katikati ya sebule, miguu yake juu ya alama za chaki, akamketisha mkewe na kumfunga macho kwa kitambaa cha kufutia meza, asije akapendelea rangi.

Hakujaribia kwa muziki. Alitumia sauti ya binti yao, aliyejirekodi humohumo sebuleni wiki moja kabla ya kulazwa hospitalini, na hakurudi.

"Mama, sikiliza, siku zikisonga..."

Kata. Badilisha waya.

"Mama, sikiliza, siku zikisonga..."

Kata tena. Fundi alipapenda hapo tu, kwa kuwa pana s nyingi, na kisanduku kibovu huumbuka kwenye s. Yaliyobaki, alisema, watayasikiliza siku watakapopata chombo kinachomstahili mtoto. Mwaka mmoja na miezi miwili ulikuwa umepita, na kompyuta ilifunguliwa na yeye peke yake. Kila mara binti alifika kizingitini, akafungiwa mlango usoni, na mama yake amekaa palepale kama mgeni asiyekaribishwa.

"Haya mama, cha kwanza au cha pili?" fundi alimuuliza mkewe.

"Cha pili."

"Jana ulisema cha kwanza!"

"Jana nilikuwa na njaa."

"Usinitanie, bibi wewe. Hukusikia s ilivyokwaruza?"

"Nilisikia mwanangu akikwaruzwa."

Fundi akajifanya hakusikia. Siku hizi ilikuwa rahisi. Akainama kwenye waya. "Mara moja ya mwisho. Tega sikio."

"Mama, sikiliza, siku zik..."

Mama akavua kitambaa, akaushika mkono wa mumewe kabla haujafika kwenye kitufe.

"Rudisha vyote viwili, baba."

"Sasa wewe unataka nini?"

"Nataka umwache amalize kusema."