Kinu Kilichookotwa

Mimi ni Ismael Likwata, mjumbe wa nyumba kumi. Mambo haya yalipotokea zilikuwa kumi kweli, ingawa ya Rosalia ilikuwa imeshaanza kuinama upande mmoja. Siku hizi nikiulizwa nasema tisa, ili nisiwe mwongo uzeeni.

Watu hudhani kazi ya mjumbe ni kusuluhisha ndoa na kugonga muhuri. Kwangu mimi kazi kubwa ni vitu vilivyookotwa. Kitu kikiokotwa mtaani, iwe kandambili au mbuzi, huletwa kwangu, nami kabla hakijarudi kwa mwenyewe humuuliza aliyekileta, mbele ya watu: umekiokota wapi? Asipotaja mahali, hatoki. Mwizi huandaa majibu ya kila kitu, lakini mahali humshinda. Watoto wa mtaa walikuwa wakinitania kwa swali hilo. Nikipita na kapu langu la sokoni, mmoja anapaza sauti, "Mzee Likwata, umekiokota wapi?" na wenzake wanakimbia. Niliwaacha. Heshima ya mtu mzima haishindani na makamasi.

Mtaa wetu upo Lindi, kwenye mteremko nyuma ya mji. Zama zile za ruksa, serikali ilipoanza kuuza vitu vyake na kukaribisha wenye mitaji, ikaja kampuni iliyojiita Jasi Njema. Jasi ni jiwe jeupe, laini, linalopelekwa viwandani kuchanganywa kwenye saruji. Kumbe sisi tulikuwa tumelilalia miaka yote bila kujua. Kampuni ikazungusha seng'enge, ikatoboa mlango ubavuni mwa kilima na kuanza kuchimba kwenda ndani. Meneja wake, Bwana Benjamini, kijana wa tai na viatu vya kung'aa, alituahidi ajira, maji na zahanati. Ajira ilikuja, vijana wakapata. Maji na zahanati nadhani bado viko njiani.

Kilichokuja bila kuahidiwa ni nyufa. Dukani kwa Bi Mehrunnisa makopo ya samli yalikuwa yakiteleza rafuni na kusogea mlangoni. "Mjumbe," aliniambia, "mali yangu inahama kabla yangu." Mlango wa choo changu uligoma kufunga, nikawa naingia huku nikiimba ili watu wajue nimo. Lakini aliyeumia hasa ni Rosalia.

Rosalia ni Mmakonde wa kule juu uwandani, mjane, na nyumba ile aliijenga kwa mwiko. Kila asubuhi alitwanga makopa, yaani muhogo mkavu, kwenye kinu alichochongewa na marehemu baba yake siku alipoolewa. Akimaliza alichekecha, akasonga ugali, akabeba sufuria na pweza wake wa nazi hadi getini kwa kampuni na kuwauzia wachimbaji. Miaka ya moshi machoni, tofali kwa tofali. Sasa ukuta wake ulikuwa na ufa ambao mkono wangu uliingia hadi kwenye kiwiko.

Tulikwenda kulalamika. Bwana Benjamini alitupokea vizuri, akatupa soda, kisha akatuambia kwamba mahandaki ya kampuni yanaishia kwenye seng'enge.

"Hata inchi moja hatujavuka, mzee wangu. Nyumba ya mama inazama kwa sababu ya shimo la choo na maji ya kuogea. Na mchwa."

"Mchwa wanakula mawe?" Rosalia aliuliza.

"Zama hizi, mama, kila mtu abebe mzigo wake."

Halmashauri nayo ikasema nyumba ni ya hatari na itabomolewa. Afisa wa madini angekuja siku moja kukagua. Akiona kosa ni la kampuni, kampuni itamjengea Rosalia nyumba nyingine. Akiona ni la choo, basi hakuna fidia. Jioni hiyo Rosalia alikaa kibarazani kwangu akiwa hana utani hata mmoja, nami nilimzoea kwa utani.

"Nitarudi kwa kaka zangu na nini, Mjumbe? Na mwiko?"

Wachimbaji ndio waliojua ukweli. Niliwauliza mmoja mmoja, na kila mmoja alitazama vidole vya miguu yake kama vile ameviazima. Waliogopa kufukuzwa. Niliwatukana kimoyomoyo, kisha nikawaonea huruma, kisha nikawatukana tena.

Siku moja kijana Sipriani alikuwa getini akila. Alikuwa mchimbaji, mcheshi, mwenye mdomo usio na kitasa.

"Mama, jana kinu kilichelewa sana," alisema tonge likiwa mkononi. "Huko chini tulidhani unaumwa."

Rosalia alisimamisha upawa hewani. "Huko chini wapi, mwanangu?"

Sipriani alimeza tonge bila kulitafuna. Rosalia alimwongeza kipande cha pweza, akafunika sufuria na kuja moja kwa moja kwangu.

"Wananisikia! Nikitwanga, wako chini yangu. Kinu kikinyamaza wanajua ugali unasongwa, wanatupa sururu na kuja kula. Kinu changu ndiyo saa yao!"

Nilitaka kuitisha baraza siku ileile. Sauti nilikuwa nimeshaiandaa. Rosalia akanizuia.

"Ukiwauliza watakana, na atakayekubali atafukuzwa. Tusimuulize mtu. Siku ya mkubwa kuja, mimi nitatwanga mapema, basi."

Afisa wa madini alikuja na Landrover. Alikuwa mwanamke, Bi Debora, mnene, mpole, mwenye miwani. "Shikamoo mzee," alinisalimu kabla ya kumsalimu meneja, nami nikampenda papo hapo. Kikao kilifanyika bandani kwa kampuni, hatua chache kutoka mlango wa machimbo. Saa mbili na nusu asubuhi Bwana Benjamini alikuwa anaonyesha kwenye ramani mahali ambapo hawajafika. Huko juu kinu kilianza: du, du, du. Meneja akaendelea. Hakuna anayesikiliza kinu Lindi, ni kama kusikiliza kuku.

Kinu kikanyamaza. Meneja alikuwa amefika kwenye mchwa pale wachimbaji walipotokea mlangoni, zamu nzima, weupe kwa vumbi, kila mtu na bakuli lake.

"Mnakwenda wapi?" Bwana Benjamini aliuliza.

"Kula, bosi."

"Saa tatu asubuhi?"

Sipriani alilitazama jua, akalitazama bakuli, akaona kimoja kati ya hivyo viwili kinamdanganya.

"Nani amewaita?" Bi Debora aliuliza taratibu.

Kijana alimtazama meneja, akamtazama afisa, kisha akafumba macho. "Njaa, mama."

Bwana Benjamini alicheka peke yake. "Wavivu hawa, mheshimiwa. Ndiyo matatizo tuliyorithi." Bi Debora hakucheka. Alitazama juu kule kinu kilikonyamazia, akawatazama wachimbaji na mabakuli yao, kisha akaomba kofia ngumu.

"Tushuke mimi na wewe, Bwana Meneja, na kijana huyu atushikie taa. Wengine wabaki hapa. Mzee, tafadhali mwambie huyo mama aendelee kutwanga."

Nilipanda mlima kwa haraka yote inayoruhusiwa kwa mjumbe. Rosalia aliposikia, alikaza khanga kiunoni, akatia makopa mapya kinuni na kuinua mchi. Nimeona wanawake wakitwanga tangu nizaliwe, lakini si vile. "Huu wa dirisha," alisema, akapiga. "Huu wa choo." Akapiga. "Huu wa mchwa!" Alipofika kwenye pigo la kaka zake ardhi ilianza kujibu kwa sauti nyingine, nzito, ya tumbo tupu. Nilirudi nyuma. Sikimbii lawama: nilirudi nyuma mara mbili.

Aliinua mchi kwa mara nyingine, na alipotaka kuuteremsha kinu hakikuwepo. Hakikuanguka upande, kilikwenda chini wima, kikafuatwa na mafiga na kipande kizima cha sakafu ya jiko. Rosalia alibaki ukingoni, mchi uko juu, hana pa kuupiga. Nilimdaka khanga nikamvuta, tukaangukia nje ya jiko wote wawili. Ukuta wa nyumba ulilia nyuma yetu, lakini haukuanguka.

"Mjumbe," alisema, "kinu changu kimepotea."

Kisha akalia. Alilia kwa sauti, kwa ajili ya baba yake, jiko lake na miaka yote ile. Mimi niliogopa kwa ajili ya waliokuwa chini, nikamwonea uchungu yeye, na juu ya yote nikashikwa na hasira ambayo sikuwa nayo tangu ujana.

"Twende," nilimwambia. "Kimepotea mtaani kwangu. Hiyo ni kazi yangu."

Tulipofika kwenye mlango wa machimbo mtaa mzima ulikuwa umeshajaa, Bi Mehrunnisa mbele kabisa, funguo za duka zikimning'inia kiunoni. Wa kwanza kutoka alikuwa Sipriani na taa yake, mzima. Nikamshukuru Mungu. Wa pili Bi Debora, akikohoa, miwani imejaa vumbi. Wa mwisho alikuwa Bwana Benjamini. Amekumbatia kinu kifuani, tai imeingia ndani yake. Bi Debora ndiye aliyemwamuru akibebe mwenyewe. Baadaye Sipriani alitusimulia kwamba meneja alikuwa akisema, "Mimi sisikii kitu, mheshimiwa," na hapo ndipo kinu kilipotua mbele yao.

Alikitua miguuni kwa Rosalia. "Pole sana, mama. Kinu chako hiki hapa." Akageuka aende garini.

Nilikohoa.

"Kijana," nikasema, "mimi ndiye mjumbe hapa. Umekiokota wapi?"

"Mzee wangu, si unajua..."

"Sijui. Mimi nilikuwa juu. Umekiokota wapi?"

Nyuma yangu mtoto mmoja akarudia swali, akafuata wa pili, wakapokea wanawake, na hata wachimbaji walikuwa wanapiga mabakuli. "Umekiokota wapi? Umekiokota wapi?" Miaka yote ya kutaniwa ililipwa asubuhi ile. Bi Debora alivua kofia ngumu, akasimama kama watu wengine akingoja jibu.

Bwana Benjamini aliitazama seng'enge yake. Ilipita palepale karibu, na jiko la Rosalia lilikuwa mbali, juu ya mteremko. Rosalia alijifuta machozi kwa pindo la khanga.

"Sema tu, mwanangu," alimwambia kwa upole. "Hapa anayerudisha hapigwi."

"Ndani," alisema meneja. "Kwenye handaki letu."

"Chini ya nini?" niliuliza.

Alimgeukia Rosalia, si mimi. "Chini ya jiko lako, mama."

"Haya," nikasema. "Mwenyewe achukue chake."

Rosalia alikiinamisha kinu. Ulimwagika unga wa muhogo uliochanganyika na jasi, vyote vyeupe, usingeweza kuvitenganisha. Akaupangusa mdomo wa kinu, akakiweka kichwani.

"Asante kwa kinu," alisema. "Sasa nyumba."

Kampuni ilimjengea. Lakini Bi Debora alikataza mtu yeyote kujenga tena juu ya handaki mpaka lijazwe, kwa hiyo nyumba mpya iko bondeni, ng'ambo ya soko, kwa mjumbe mwingine asiyejua hata kuuliza swali. Nyumba ni nzuri, imesimama wima, sakafu haina ufa. Nimeikagua mwenyewe nikipiga chini kwa fimbo kila chumba, hadi Rosalia akanifukuza kwa mwiko.

Mimi nimebaki na tisa. Alfajiri mtaa uko kimya, hakuna du wala du. Na ikifika saa tatu asubuhi, katika kimya hicho, nashikwa na njaa.