L ya Fausta

Mwalimu Gaudensi aliivaa tai ya shule yake ya zamani siku aliyokwenda kuishinda shule hiyohiyo. Hakuona kinyume katika jambo hilo. Shule ile ya bweni ndiyo iliyomfundisha kutandika kitanda bila kunyanzi, kusema kweli mbele ya yeyote, na kuliheshimu neno mpaka herufi yake ya mwisho. Mtu aliyelelewa hivyo, aliwaambia wanafunzi wake, hulipa fadhila kwa kushindana na walezi wake kwa nguvu zote, si kwa kuwaonea haya.

Wanafunzi hao walikuwa wa kutwa, katika sekondari moja ya Ifakara. Wengi walifika kwa baiskeli, matope ya majaruba ya mpunga yakiwa bado kwenye matairi. Kila mwaka walikutana na shule ya bweni katika ukumbi wa parokia kushindania maneno ya Kiingereza, na kila mwaka ngao ya ushindi, ya mbao za mninga, ilirudi bwenini. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Mwamuzi hutaja idadi ya herufi za neno, na herufi ambazo lazima ziwemo. Pande mbili hupokezana kutaja maneno ya namna hiyo, wingi haukubaliwi, na anayerudia neno lililokwisha kutajwa, au anayekosa la kutaja, ameshindwa.

Tegemeo la Gaudensi mwaka huu lilikuwa Fausta, binti wa kidato cha pili, ambaye wazazi wake Wasukuma walihamia kijiji cha Namawala kulima mpunga. Akili yake haikuwa na tatizo. Ulimi ndio uliokuwa na kesi. Kisukuma cha nyumbani kwao hakina r, na siku ya kwanza katika klabu ya Kiingereza, alipotakiwa kueleza kwa Kiingereza baba yake analima nini, alijibu kwa kujiamini kwamba analima lice. Darasa liliangua kicheko, kwa kuwa baba wa watu alikuwa amegeuzwa mkulima wa chawa. Mwalimu hakucheka. Aliwanyamazisha, akamwambia Fausta kwamba neno lake ni rice, yaani mpunga, na kwamba kuanzia siku hiyo hataingia klabuni bila kulitamka mlangoni. Akawa analitamka kila aingiapo, masika na kiangazi. Wenzake wakambandika jina la Mama Chawa. Hakulia, wala hakuacha kuja.

Sasa pambano lilikuwa limefika ukingoni, pande zote mbili sawa. Mwamuzi, Mama Leticia, mgeni kutoka Morogoro, akasoma swali la kuamua: neno la herufi tano, ndani yake ziwemo s, h, e na f.

Fausta alianza na shelf, yaani rafu. Kijana wa bweni aitwaye Joachim akajibu kwa fresh, kitu kibichi kisichochacha. Zamu ikarudi kutwa. Fausta alisimama, akawaza kidogo, akasema flesh.

Mama Leticia akaliandika ubaoni kama alivyolisikia, kwa l iliyosimama wima. Lakini Joachim aliwanong'oneza wenzake kwa sauti iliyofika hadi safu ya nyuma.

"Huyo kasema fresh. Kwao ndivyo inavyotamkwa."

Kicheko kikapita upande wa bweni. Evod, mwalimu wao, ambaye zamani bwenini alilala kitanda cha chini ya kile cha Gaudensi, hakukata rufaa. Alimtazama Gaudensi tu, na macho yale yalikuwa mazito kuliko rufaa. Gaudensi angeweza kukaa kimya. Neno lilikwisha kukubaliwa, na hakuna ambaye angemlaumu. Ila sikio lililosikia chawa siku ile lilikuwa bado ni lake, na halikuwa na hakika.

Akasimama, akaiweka sawa tai yake.

"Mheshimiwa mwamuzi, naomba neno hilo lisihesabiwe kwanza. Binti alitaje herufi kwa herufi, kisha atoe maana."

Lukelo, nahodha wa timu yake mwenyewe, alishika kichwa. "Mwalimu, unatuuza?"

Fausta hakugeuka kumtazama mwalimu wake. Alitaja herufi ya kwanza. Kwenye ya pili akauegemeza ulimi nyuma ya meno, akauacha hapo mpaka kila mtu akauona. L. Zilizobaki akazimaliza kwa utulivu, kisha akajifinya mkono.

"Nyama. Hii ya mwilini, siyo ya buchani."

Ukumbi ukacheka, safari hii pande zote. Akamgeukia Joachim.

"La kwako lilikuwa fresh, kaka. Hata hilo nalijua."

R yake ikanguruma kama mashine ya kukoboa.

Zamu ikawa ya bweni. Joachim alitazama dari, wenzake wakatazama viatu, muda ukaisha. Evod alikuja kumpa mkono mwenzake, akamwambia kwamba tai ile ameitendea haki. Gaudensi alijibu kwamba ameitendea kama ilivyomfundisha.

Nje, Fausta alikuwa akiifunga ngao kwenye keria ya baiskeli kwa mpira. Gaudensi alimwuliza kama alikuwa amelisahau neno sheaf, ambalo halina l wala r ya kuutega ulimi wake.

"Sikulisahau, Mwalimu. Ningelisema, wangejibu flesh, nami ningebaki bila neno. Hilo kila mtu analijua. Lakini sheaf ni mganda wa mpunga. Bwenini nani kaubeba?"

Binti aliuhatarisha ulimi wake mbele ya ukumbi mzima, kwa hesabu, huku akijua watakavyomcheka. Gaudensi hakukumbuka kufundishwa jambo kubwa kama hilo bwenini.

"Ulinitilia shaka, Mwalimu?"

"Ndiyo."

"Nilijua. Nilijua pia kwamba utasimama."

Mwalimu alimwambia kwamba Jumatatu aingie klabuni moja kwa moja. Mlangoni hadaiwi tena neno.

"Nitalisema tu, Mwalimu," alijibu Fausta, akiukaza mpira. "Ndicho anacholima baba."