Mahari Yenye Taa Nyekundu

Baba yangu mdogo Kamaldine hajui kuwasha kompyuta. Naanza na hilo ili lijulikane. Anauza vitenge sokoni Kasongo, na ujumbe unaoingia kwenye simu yake husomwa na mke wake. Lakini wiki mbili kabla ya arusi yangu, ni yeye aliyeamua ni kompyuta gani nitatumia mimi, Subira, mwalimu wa sekondari Wamaza kwa miaka sita.

Kwetu Waislamu wa Kasongo, mahari ni haki ya bibi arusi. Si ya baba wala ya wajomba. Msichana hutaja anachotaka, na siku ya ndoa shehe hukitangaza mbele ya watu wote. Mchumba wangu Iliasi alipotuma wazee wake, nilitaja kitu kimoja: kompyuta ndogo ya kubeba, nyepesi, ya bei rahisi, ambayo betri yake inadumu toka asubuhi hadi jioni. Wazee walishangaa nikasema basi, sina kingine.

Sikuwa najinyima. Wamaza hakuna umeme. Shule yetu ina paneli moja ya sola juu ya bati, nayo inachaji simu za walimu wote. Kila mwaka majina ya wanafunzi wa mwaka wa sita yanatakiwa yapigwe chapa kwenye kompyuta kabla ya mtihani wa taifa, na kila mwaka nilikuwa nayaandika kwa mkono, nayabeba kwa pikipiki hadi Kasongo, siku nzima ya tope na madaraja ya magogo, nampa mtu wa kupiga. Mwaka jana mvua ilitukuta njiani. Kurasa mbili zikagandamana. Mpigaji hakuzitenganisha, nami sikukagua kazi yake kwa sababu nilikuwa nawahi kurudi. Wanafunzi tisa hawakuwemo kwenye orodha, na tulijua siku yenyewe ya mtihani, wamesimama mlangoni na kalamu mkononi. Mmoja wao, Marcelline, aliniuliza, "Mwalimu, mimi sikukuwa nakuja kila siku?"

Nilikwenda kulia nyuma ya vyoo vya shule. Hasira ile haijanitoka mpaka leo, na nusu yake ni hasira juu yangu mwenyewe.

Ndiyo maana nilitaka mashine ya kuweka mapajani, pale pale darasani, kila mwanafunzi aje asimame karibu yangu alisome jina lake kabla sijaenda kwa lingine. Iliasi alielewa bila kuambiwa mara mbili. Anafanya biashara ya mchele na mafuta ya mawese kati ya Wamaza na Kasongo, na pikipiki iliyonibeba safari zote zile ni yake. Alipanda hadi Kindu akarudi nayo: nyeusi, nyembamba, inaingia kwenye mkoba pamoja na madaftari. Tuliijaribu kwenye paneli ya shule mbele ya walimu wenzangu, ikajaa chaji kabla ya adhuhuri.

Tuliposhuka Kasongo kwa maandalizi ya arusi, Iliasi akaenda kumwonyesha baba mdogo. Ilikuwa heshima tu, maana baba yangu Alimasi alishafariki, na baba mdogo ndiye walii wangu, mwenye kuniozesha. Nilikuwa chumba cha pili nachambua mchele. Nilisikia kila neno.

"Hii ndiyo ordinatere?" baba mdogo aliuliza. Kwetu kompyuta tunaiita hivyo.

"Ndiyo, baba."

"Hii ni ya kuchezea watoto. Mutoto wa marehemu Alimasi aolewe na kitu inaingia mu mukoba? Siku ya ndoa shehe atatangaza nini? Ordinatere kadogo? Watu watasema tumemutupa."

Akaeleza kwamba rafiki yake, mwenye duka la redio na taa, ana moja ya kweli. Niliiona baadaye. Kioo kipana kama sinia la pilau, herufi zinawaka taa nyekundu, na chaji yake peke yake ni nzito kama tofali. Sikatai, ni mashine hodari. Mtu wa kutengeneza filamu, mwenye jenereta na meza yake, angeipenda sana. Ilikuwa imekaa kwenye kabati la duka mwaka mzima kwa sababu Kasongo nzima hakuna aliyekuwa na kazi nayo.

Iliasi alisema kwa sauti ndogo kwamba ameshatumia alichokuwa nacho.

Kisha baba mdogo akasema, "Na ile pikipiki yako?"

Wakapatana hapo hapo. Kompyuta kubwa italetwa siku ya arusi, iwekwe mezani watu waione. Ndoa ikishafungwa, pikipiki inakwenda dukani. Na Iliasi, mwanamume mzima anayevuka mito na magunia ya mchele mgongoni, akasema, "Ndiyo, baba."

Niliacha ungo chini nikaingia.

"Baba mudogo, mahari ni yangu."

"Ni yako, mama. Lakini jina ni letu sisi wote."

"Wamaza hakuna umeme wa kuiwasha. Ile paneli ya shule haiiwezi."

"Mutanunua paneli ingine."

"Na huko Wamaza tutafika na nini, kama pikipiki imekwenda?"

"Watu wa zamani walikuwa wanatembea," alisema, akatupia kitenge begani, mazungumzo yakaisha.

Nilimfuata Iliasi nje. Nilimuuliza kwa nini amekubali. Alitazama matairi ya pikipiki yake. "Yeye ndiye walii wako," alisema. "Akikasirika, nani atatuozesha?" Kama hofu ile ingekuwa kitu cha kushikika ningeitupa barabarani.

Siku zilizofuata nilipikwa kama bibi arusi anavyopikwa: hina, udi, mafuta. Na shangazi Aicha, dada yake baba, akawa ananifundisha kunyamaza. Kwetu, kabla ya kufunga ndoa, shehe huja na mashahidi chumba cha wanawake kumuuliza bibi arusi kama amekubali. Msichana ambaye hajawahi kuolewa hajibu. Akinyamaza, amekubali.

"Usijibu hata kidogo," shangazi alirudia kila asubuhi. "Ukisema ndiyo mbio mbio, wanawake watakucheka mwaka muzima. Kuona haya ndiyo jibu lako."

"Na kama sikubali?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama mvua hunyesha kwenda juu. "Mwanamuke gani anafika siku ile hajakubali?"

Siku ikafika. Ua ulijaa. Nusu ya soko ilikuja, na ndugu za mama walikuja kutoka Nyangwe wakiwa na samaki wa kukaanga. Katikati ya ua, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, kompyuta kubwa ilikuwa imewashwa kwa jenereta ya kuazima, taa zake nyekundu zinawaka mchana kweupe, na watu wanapiga picha nayo. Baba mdogo alikuwa amesimama kando yake na kanzu mpya. Jenereta ilinguruma hata kisomo hakikusikika vizuri. Nilikuwa naona yote haya kupitia dirishani, chini ya mtandio, na meno yamekazana hata taya zikaniuma.

Shehe alikuja mlangoni na mashahidi wawili, baba mdogo nyuma yao.

"Subira binti Alimasi," shehe alisema, "umekubali Kamaldine akuozeshe kwa Iliasi, kwa mahari ya ordinatere kubwa ile iko hapo nje?"

Shangazi Aicha alinifinya paja. Wanawake walikuwa wameshavuta pumzi, tayari kwa vigelegele.

"Amenyamaza," baba mdogo alisema. "Amekubali. Tuende."

"Sijakubali," nilisema.

Nikafunua mtandio.

"Iliasi ninamukubali. Ile ordinatere ninaikataa. Mimi nilitaja ndogo, imeshanunuliwa, iko mu mukoba wake. Pikipiki haiendi popote."

"Funga kinywa!" baba mdogo alifoka.

"Shehe, mahari ni ya nani?"

Shehe alikohoa. Ni mtu mpole, hapendi ugomvi. Alitazama sakafu, akamtazama baba mdogo. "Ni yake, Kamaldine."

"Basi mimi siozeshi. Atafute walii mwingine."

Hapo niliogopa, sitadanganya. Kaka sina. Kama angeshikilia, hakuna aliye karibu wa kushika mahali pake, na watu wangerudi na samaki wao Nyangwe. Nilitaka kupiga magoti niombe msamaha. Lakini niliiona pikipiki imeegemea ukuta wa ua, na mwenye duka ameshasimama karibu yake anapapasa usukani.

"Sawa," nilisema. "Toka nje uwaambie watu. Lakini uwaambie na sababu. Uwaambie binti wa kaka yako aliomba kitu kidogo, akapewa, na wewe ukamukatalia ndoa."

Baba mdogo aligeuka akautazama ua. Wateja wake wote walikuwepo. Yeye aliyeogopa watu wasije wakasema ameniuza rahisi, sasa alikuwa kama anawasikia wakisema amemnyima yatima mume. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Mashahidi walikuwa wanatazama mikono yao.

"Mutoto hana haya," alimwambia shehe. "Tuende tumalize."

Nilisikia sauti ya shehe kwenye spika: kwa mahari ya kompyuta moja ndogo. Mtu mmoja alicheka huko nje. Mmoja tu. Halafu wakaitikia amina, na jenereta ikazimwa. Shangazi Aicha hakupiga kigelegele, lakini wengine walipiga. Baba mdogo hakula nasi siku ile, na mpaka leo nikipita mbele ya vitenge vyake anainama kuvikunja hadi nimalize kupita. Inaniuma. Baba alipofariki, ni yeye aliyeninunulia sare za shule. Inaniuma, na bado nina hasira naye.

Baada ya ndoa Iliasi aliletwa chumbani kuniwekea mkono kwenye paji la uso na kusoma dua, kama desturi. Alimaliza kusoma, mkono wake bado uko pale, akaninong'oneza: "Asante. Na mimi nilitaka kusema vile vile."

Niliutoa mkono wake polepole, wanawake wasione.

"Ulitaka," nilimwambia. "Na kinywa chako kilikuwa wapi?"

Hakujibu. Nje walikuwa wanagawa pilau na kutuita tutoke tupigwe picha. Sikuinuka.

"Mimi sitahesabu kimya chako kuwa jibu," nilisema. "Niambie. Siku ingine mutu akinyoosha mukono kwa kitu changu, utasema nini?"

"Nitasema hapana."

"Sijasikia."

Alitazama wanawake waliojaa chumbani, akatazama mlango. Masikio yalimwiva.

"Hapana!" alipaza sauti, hadi shangazi Aicha akaangusha chetezo.

Ndipo nikasimama.